Meno ya Kaku

Dilala, 4 Juni 2024

Mama mupenzi,

Mi na Stanislas tuko bazima. Mafua ilitupitia, ikaenda kwa jirani. Na weye, ile goti ya kushoto inakuachia kulala? Naandika barua, sababu pa telefone tunagombana hata mbele ya kusalimiana.

Nilipata neno yako: tarehe 17 ya mwezi wa munane tunatosha matanga ya Tata, kumaliza kilio yake, mi nikuye, lakini Stanislas abakie. Mama, depo yangu ya bunga nilijenga mufuko kwa mufuko, hakuna ndugu alinishika mukono. Hesabu naijua. Mutoto niko naye mumoja, Stanislas. Mumoja, ukiondoa mumoja, kunabakia nani? Asipokuya, mi sikuyi.

Mwaka jana pa kilio, ulimufukuza mbele ya batu juu alikuangalia weye mama yangu, Kaku yake, mu sura, akacheka. Juu anabeba jina ya Tata, bwana yako, ulikuwa unamwita mutoto "bwana yangu." Tangu ile siku haujamwita kitu. Ile inaniuma.

Sasa Mama Adèle, mwalimu wa batoto ba autisme hapa Dilala, anamufundisha kusoma sura za batu. Anamupatia foto, mutoto anazipanga: furaha huku, hasira kule, huzuni pale. Sura za batu hajui zinamuchokesha. Tutumie foto yako moja ya furaha. Tata Kalonji wa kamyo ya makala ya kupikia ataileta.

Mwana wako,
Mbelu

Mutshatsha, 19 Juni 2024

Mbelu mwanangu,

Nashukuru Mungu muko bazima. Goti iko, bado inaniamsha.

Barua yako inanidai sawa mutu wa kodi. Lakini haukukuwa mu nafasi yangu. Bwana yangu eko mu sanduku, mi nalia, na ule mwenye kubeba jina yake ananichekelea mu macho! Batu bakaanza kunongona juu ya mutoto bitu sipendi kuandika. Nilimutosha pale bapate kufunga kinywa.

Foto iko ndani. Nilivaa kikwembe yangu ya Pasaka, nikamuwaza mutoto, nikafurahi. Kama munataka ya hasira, usome tu tena barua hii.

Mama yako

Dilala, 3 Julai 2024

Mama,

Sisi bazima. Goti, upake mafuta nilikutumia, usiyaweke mu kabati.

Foto yako Stanislas aliiweka ku hasira! Nilicheka mpaka kopo ya kupimia bunga ikanianguka. Lakini uiangalie vizuri: umesimama mukavu sawa mbele ya juji. Sisi bote mu foto tunakuwa vile, tunasema ni heshima. Nani alimwambia mutoto?

Kisha Mama Adèle akamupa foto ya mwanamuke pa kilio, kinywa wazi, anapiga kelele. Akaiweka ku furaha.

Mama Adèle akamuuliza: "Kwa nini, Stanislas?"

"Meno."

Mama, hapo nikafahamu. Mu nyumba yetu, meno ikionekana, mutu anacheka. Pa kilio aliona meno yako yote. Batoto bengine balikimbia kucheza. Yeye alikuya kusimama mbele yako, akakuonyesha yake. Hakukuchekelea. Alikuwa anacheka pamoja na weye.

Mama Adèle anasema si batoto bote ba autisme beko vile. Wetu anaanzia ku meno. Lakini ukimwambia kwa kinywa, "niko na huzuni," anasikia, anakuya kukaa karibu.

Mwana wako,
Mbelu

Dilala, 6 Agosti 2024

Mama,

Uko muzima? Mwezi muzima bila jibu, na Tata Kalonji anaapa aliweka barua mu mukono yako. Tarehe 12 nalipia bisi: viti bibili, ao hakuna hata kimoja. Uniambie.

Mbelu

Mutshatsha, 9 Agosti 2024

Mbelu,

Haukuandika "mwana wako" pa mwisho. Niliona.

Sikukuwa mugonjwa. Nilikuwa na kioo. Kila asubuhi nafunga mulango, nacheka, naangalia, nalia, naangalia. Mwanangu, ni meno yale yale! Tshibola wa nyumba ya pili akagonga: "Mama, unagombana na nani?" Nikamujibu: "Na sura yangu."

Lipia bibili. Kama bisi imejaa, mupande kamyo ya makala, mufike beusi hivyo hivyo. Pa misa, padri akiita jina ya tata yako, nitalia, siwezi kuacha. Stanislas atakaa ku mukono yangu ya kuume, nitamwambia mu sikio: "Bwana yangu, hapa nalia." Akisahau akacheka, acheke. Mwenye kunongona akuye kwangu, nitamuonyesha hasira bila foto.

Natuma foto ingine. Nilitosha inje meno yote inanibakilia. Aiweke kule anaona yeye mwenyewe. Lakini mbele ya kuiweka, umusomee hii kwa sauti: Stanislas, Kaku eko na furaha juu unakuya.

Muke yake wa Mutshatsha