Filamu ya Kupigia Pasi

3 Februari

Kwako Somo yangu,

Hujambo? Na mgongo wako je, umetulia au bado unakaa kwenye kiti kama mtu aliyemeza mwiko? Sisi hapa wazima. Shemeji yako anakusalimu, na binti yangu anauliza lini utakuja umfundishe kushika kamera, maana kwangu anasema anafundishwa maneno matupu.

Ningeweza kukupigia simu, najua. Lakini nina jambo litakalotugombanisha, na ugomvi mzuri unaandikwa. Kwenye simu wewe hukata.

Lile jumba la zamani la sinema, tulilokuwa tukiingia kwa sare za shule, limekarabatiwa. Litafunguliwa kwa filamu kumi zitakazoitwa filamu kuu za nchi hii. Si jina tu. Hizo kumi mikanda yake itasafishwa, itanakiliwa upya na kuhifadhiwa mahali penye baridi. Zisizochaguliwa zitabaki huko makabatini ziendelee kuoza. Jopo letu lina watu watano, na mimi mwalimu wa filamu nimo.

Nimependekeza *Harusi ya Mlango wa Nyuma*.

Usitupe barua. Vuta pumzi. Ile ndiyo filamu yako iliyojaza kumbi mpaka watu wakakaa sakafuni, na leo nakala zake ni nakala za nakala, nyuso zimefifia, sauti inakoroma. Nataka ipone, na nataka iitwe kubwa, kwa sababu ni kubwa. Nitumie maelezo ya mkanda wa asili uko wapi.

Nisalimie mama. Mwambie nimemkumbuka.

Somo yako,
Mwalimu


19 Februari

Somo,

Mimi mzima, mgongo mzima, mama mzima ila masikio yamegoma, kwa hiyo salamu zako nimezipiga kelele mpaka majirani wameitikia.

Sasa wewe. Umenisifu au umenicheka?

Nimeongoza filamu tisa. Katika zote unachagua ile niliyotengeneza nikiwa sijui hata taa inawekwa upande gani! Mabinti wawili wanaolewa siku moja nyumba moja, kwa kuwa baba yao kaahidi familia mbili tarehe ileile. Harusi moja inapita mlango wa mbele, nyingine mlango wa nyuma. Mama anakimbia huku na huku akibadili magauni. Mjomba anaanguka kwenye karai la maji mara tatu, kwa sababu mtayarishaji alisema watu wanapenda mtu akianguka. Mara tatu, Somo! Hiyo ndiyo kubwa?

Watu waliipenda, sikatai. Hata kiazi watu wanakipenda. Umaarufu ni jambo moja, ukubwa ni jambo jingine, na wewe unalipwa mshahara kuwaeleza vijana tofauti hiyo.

Kama kweli unanitakia mema, wapelekee *Mchana Mrefu*. Ile niliikata mwenyewe, fremu kwa fremu. Mwanamke yuko kwenye korido ya ofisi, anasubiri mlango ufunguliwe, basi. Hakuna muziki wa kumwambia mtu alie wapi. Hiyo ndiyo nitakayoulizwa siku ya mwisho, na nitajibu bila kigugumizi.

Shemeji msalimie. Binti yako mwambie kamera haifundishwi, inabebwa. Aje abebe.

Somo yako,
Dairekta


2 Machi

Kwako Somo mkali,

Salamu ni nyingi, na afya tunashukuru. Nimefurahi kusikia mama anaitikia na majirani.

*Mchana Mrefu* nilikwambia ninavyoiona siku ileile ulipoionyesha, ukaninunia hadi mvua zikaisha. Ni safi. Ni safi kama chumba cha wageni ambacho hakuna aliyewahi kulala. Ulikuwa unatuandikia sisi walimu, Somo, na sisi tukakupa maksi zetu. Siwezi kuiita kubwa kwa sababu tu haikupata watu, kama ambavyo siwezi kuiita nyingine kubwa kwa sababu iliwapata.

Maana usidhani nimelewa makofi. Unaikumbuka ile ya jambazi na bastola mbili iliyojaza kumbi kuliko yako? Nani leo anaikumbuka? Kujaza ukumbi si hoja. Hoja ni watu wakitoka, wanatoka na nini.

Na ukumbuke ile ngazi ya nyuma. Jioni, harusi zote mbili zimekwisha, mama anakaa kwenye ngazi kati ya masufuria machafu. Anatazama miguu yake: kiatu kimoja cha gauni hili, kingine cha gauni lile. Anacheka. Ukumbi mzima unacheka naye. Kisha anaacha kucheka, na wewe hukukata. Ukamwacha pale. Kuliza watu si kazi, hata kitunguu kinaliza. Lakini kuwachekesha watu wasiojuana mpaka wakose pumzi, halafu kuwanyamazisha wote kwa pamoja bila neno moja? Nionyeshe wangapi wameweza.

Kiazi, kiazi! Jopo linakutana mwezi ujao. Nipe jibu la mkanda.

Somo yako mkaidi kama wewe,
Mwalimu


20 Aprili

Somo yangu,

U hali gani? Machi nzima kimya, na Aprili inakwisha. Mgongo, au ni mimi?

Nakuandikia kwa sababu sitaki ulisikie kwa mwingine. Jopo limekaa. Umepata ulichotaka: *Mchana Mrefu* imo kwenye kumi. Hongera, na naisema kwa moyo, ingawa nilipiga kura ya hapana, na hilo pia ulijue kutoka kwangu.

*Harusi* imekataliwa. Kanuni ni filamu moja kwa kila mwongozaji, lakini haikufika hata kwenye kanuni. Mwenyekiti wetu, yule mwandishi mstaafu wa safu ya sinema gazetini, alipoona jina alicheka kidogo puani. Nikamuuliza, "Umeitazama lini mara ya mwisho?"

Akasema, "Sijaitazama, na sihitaji. Ile ni filamu ya kutazama huku unapiga pasi."

Wenzake wakacheka, ajenda ikasonga mbele. Niligonga meza mpaka chai ikamwagika, lakini wanne ni wanne.

Basi, umeshinda. Niandikie japo mstari mmoja wa kunicheka.

Somo yako,
Mwalimu


28 Aprili

Somo,

Salamu baadaye.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimekununia, ndiyo, kwa lile neno la chumba cha wageni. Lakini hilo weka kando. Rudia tena, alisema nini? Huku unapiga nini?

Mimi mwanangu naruhusiwa kumwita mjinga, nimemzaa mwenyewe. Jirani haruhusiwi. Na unajua mama alifanya kazi gani. Wewe ulikuwa unakuja kwetu, unavua viatu mlangoni, unamkuta kasimama kwenye meza ile, mashuka ya hoteli yamepanda hadi dari, mvuke umejaa chumba. Alisimama hapo hadi mimi nikamaliza chuo. Mwambie mwenyekiti wako mimi nimesomeshwa na pasi.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaitia mkobani, nikaenda saluni kusukwa maana nilikuwa na kikao. Na humo saluni, Somo, wamewasha televisheni, na kwenye televisheni kuna nini? *Harusi*. Nikataka kutoka, lakini nusu ya kichwa kilikuwa tayari mikononi mwa msusi. Nikakaa. Sikuwa nimeitazama tangu mwaka tulioitoa.

Picha mbovu kabisa. Mjomba kama kivuli. Lakini wale wanawake wanayasema maneno kabla ya waigizaji kuyasema! Mama mmoja yuko chini ya kikaushio, hasikii kitu, naye anaigiza kwa midomo. Mjomba akaanguka mara ya kwanza, wakacheka. Mara ya pili wakacheka. Mara ya tatu mimi mwenyewe nikacheka, nikajiona mpumbavu.

Ikafika ile ngazi. Msusi aliacha kusuka. Aliacha kabisa, mkono juu, nywele zangu zinaning'inia. Hakuna aliyesema neno. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mbona hapa mmenyamaza?"

Akanijibu, "Hapo mimi huwa sisemi, dada. Hapo ni mama yangu amekaa."

Mwanamke mwingine akadakia, "Mama yako wapi? Huyo ni wa kwangu."

Sikuwaambia mimi ni nani. Nilitoka nikiwa nimesukwa vizuri na nimechanganyikiwa.

Sisemi ni kubwa. Nasema kwamba atakayeikataa aikatae kwa macho yake. Nimeliandikia jopo lako leo: *Mchana Mrefu* naiondoa mpaka wote watano waitazame *Harusi*, tena ndani ya jumba lile, likiwa na watu. Si chumbani na kijitabu magotini. Na watu waalikwe kutoka popote, wasichaguliwe. Mkanda wa asili ninao, uko kabatini kwa mama, nyuma ya mablanketi. Nautuma kwa mtu ninayemwamini.

Siwezi kuja, nipo katikati ya kupiga picha za filamu mpya. Wewe uwe macho yangu. Wakipiga miayo, niambie.

Haya, salamu: hamjambo wote?

Somo yako,
Dairekta


23 Mei

Kwako Somo, wewe mwanamke,

Hatujambo, hatujambo kabisa, na baada ya jana afya imezidi.

Barua yako iliwakera wajumbe wawili, ikamfurahisha msimamizi wa jumba, ambaye alikuwa anatafuta sababu ya kujaribu viti vipya. Alibandika tangazo mlangoni, watu waingie bure. Somo, walikuja na majirani zao. Walikuja madereva, wauguzi na sare zao, mabibi wameshikana mikono. Wanafunzi wangu walikuja kwa kejeli, wameketi safu nzima na miguu juu ya viti, wakashushwa miguu na bibi mmoja aliyewaambia hapa si kwenu.

Nilikaa nyuma ya mwenyekiti nimtazame kisogo. Hakucheka. Ukumbi ulitikisika, yeye hakucheka hata mara moja, nikasema tumekwisha. Ilipofika ngazi ya nyuma, ule mkanda wako wa kabatini una kitu ambacho nakala zote zimekipoteza: mbali nyuma yake, ndani ya nyumba, watu bado wanamwita. "Mama! Mama!" Pande zote mbili. Na yeye haitiki. Miaka yote hii nimefundisha filamu hiyo bila kuisikia sauti ile! Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia kiti kikilia.

Nje, kwenye ukumbi wa kuingilia, nilimkabili mwenyekiti. "Haya, sema."

Akavua miwani. "Mjomba aanguke mara moja, inatosha," akasema. "Na muziki ni mwingi. Ina mapungufu, na nitayaandika."

"Andika. Na mengine je?"

Akaifuta miwani kwa shati. Kisha: "Nilihukumu kitu nisichokiona. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni aibu. Yule mama pale kwenye ngazi... mwongozaji alikuwa na umri gani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaenda zake, na leo asubuhi kwenye kikao alipiga kura ya ndiyo. Imepita.

Lakini sikiliza. Kanuni ya filamu moja kwa mwongozaji haikuvunjwa. Jopo limekuachia wewe uchague: *Harusi* au *Mchana Mrefu*. Moja inasafishwa, nyingine inarudi nyumbani. Mwenyekiti anasema ukichagua *Harusi*, unaweza pia kuipunguza wakati wa kusafisha. Wanataka jibu kabla mikanda haijaondoka.

Na sasa nikuchanganye zaidi. Kwa haki, juzi niliitazama tena *Mchana Mrefu*. Peke yangu, mchana, milango imefungwa. Yule mwanamke anapoinuka akae kiti kingine, ili tu aone kitu kingine... sikumbuki kama nilikiona hicho zamani. Si chumba cha wageni. Nimeanza kusitasita, na sipendi kusitasita. Usinicheke.

Somo yako,
Mwalimu


4 Juni

Somo yangu mpenzi,

Mimi mzima, mama mzima, filamu mpya inakwenda, mwigizaji mkuu amepona mafua. Wote mnasalimiwa.

Nimekucheka. Nimekucheka mpaka fundi wa taa akauliza kuna nini. Miezi minne unanipigania kinyume na mimi mwenyewe, na nikikubali ndipo unasitasita! Sikuachii uniyumbishe.

Weka *Harusi*.

Nimefikiri sana, nikiwa jikoni kwa mama, nikimtazama anavyokunja taulo. *Mchana Mrefu* niliitengeneza nikijua nani ataisifu na kwa maneno gani. Ni kazi nzuri, siionei haya. Lakini kila siku ya kuitengeneza nilikuwa nawatazama nyinyi kwa jicho la pembeni. *Harusi* sikuwa namtazama mtu. Sikujua hata kama kuna watu wa kutazamwa. Zile sauti zinazomwita mama hazikuwa kwenye mswada, Somo. Ni wageni wa kweli wa nyumba tuliyoazima, walikuwa wanamtafuta mama mwenye nyumba. Fundi wa sauti alitaka kuzifuta, nikamwambia ziache, ndivyo ilivyo kwetu. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nilijua.

Je, kubwa ni nini? Bado sikubaliani nawe. Wewe unasema ni ustadi wa kuwanyamazisha watu. Mimi naona ni pale watu wanapogombania mama ni wa nani. Tutalimaliza uso kwa uso, na nitashinda.

Msiipunguze. Hata sekunde moja. Mwambie mwenyekiti nakubaliana naye kuhusu mjomba, na jibu ni hapana.

*Mchana Mrefu* haitarudi kabatini. Nakuletea wewe, ukaifundishe. Kaa nao darasani, wagombanishe, na wasikubali mapema.

Nitakuja siku ya kufungua jumba, pamoja na mama. Nimemweleza kwa sauti kubwa kuwa filamu yake imeitwa kubwa. Akaniuliza, "Kwani walikuwa wanaiitaje?"

Naitwa. Tunapiga picha ya uani, na jua la saa hii likishapita hatulipati tena mpaka kesho.

Somo yako,
Dairekta