Maswali Manne Juu ya Riziki

Kashebere, siku ya pili ya juma, asubuhi

Mama Neema, bibi yangu,

Nakuamkia kutoka huku chini kwenye joto, nikiomba baridi ya Karuba isikuingie kifuani kama mwaka jana. Neema anaendelea vizuri na masomo? Espoir ameota meno ya mbele ao bado anacheka na ufizi? Na mama mukwe, mguu unamruhusu kufika zizini? Mimi mwili uko mzima. Kidole nilichokipiga nyundo kimeota ukucha mpya, mwekundu kama wa mtoto.

Kazi ya shule imekwisha. Madawati yote yamesimama, milango imefungwa, bado dirisha moja tu. Lakini nikuambie ukweli, Riziki, miezi hii mitano imepita kama usingizi wa mchana. Asubuhi ukungu unatoka msituni, unalala chini, paa la shule linabaki juu peke yake kama linaelea. Mimi nasimama na randa mkononi, nasikia watu wakipita barabarani na mizigo yao ya mawese, nasikia sauti zao na miguu yao, lakini siwaoni. Halafu jua linatoka, kila mtu anarudi mahali pake.

Nilikuambia katika ile barua ya kwanza juu ya Direktere wa shule, yule mpole mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Kaka yake wa Goma alimtilia kwenye flashi kile kipindi cha zamani cha televizyo ya Kinshasa, cha nyimbo na michezo na vichekesho, ambacho wakubwa zetu walikuwa wanakisimulia. Basi kila siku ya Yenga, baada ya misa, anatoa televizyo yake ndogo, anaiunganisha na betri ya jua, tunajaa darasani tukikalia madawati yangu mwenyewe. Picha ni ya kizee, inaonekana kama inanyeshewa mvua ndani. Na nje mvua ya kweli inanyesha kwenye bati. Mara nyingine sikujua ipi ni ipi.

Kuna mchekeshaji mmoja mle, mwembamba, suruali fupi. Kila kipindi anahama nyumba, amebeba kabati mgongoni, na kila mlango ni mdogo kwa kabati. Anaingia kwa ubavu, anaingia kinyumenyume, anapiga magoti. Watu wanakufa na kicheko. Siku moja akaliweka chini, akaketi kupumua, mlango wa kabati ukafunguka wenyewe. Ndani mkewe amekaa anakula karanga. Akamuuliza, "Papa, tunahamia wapi?" Yule bwana akafikiri, akafikiri, akasema, "Sikujua kama uko humo." Nilicheka mpaka machozi. Mama Sifa, yule mjane anayenipikia bugali, hakucheka. Alisema tu, "Karanga njo zilimusaidia."

Kisha kuna ule mchezo wa wenye ndoa. Bwana anazibwa masikio na pamba, bibi anaulizwa maswali juu ya nafsi yake, majibu yanaandikwa. Halafu bwana anatolewa pamba, anaulizwa yale yale, tunaona kama anamjua aliyemuoa. Huo ndio mchezo ulioniletea shida.

Sikiliza. Siku ya tano ya juma lililopita Direktere aliniita ofisini. Akasema wanataka nibaki, nifundishe vijana useremala, na kwamba kuna nyumba ya udongo nyuma ya shule, nzuri, naweza kuleta jamaa yangu yote. Nikakubali hapo hapo. Akaniuliza, "Na bibi yako?" Nikajibu, "Bibi yangu atafurahi." Nilisema hivyo bila hata kukohoa. Jioni nilikwenda kuiona nyumba, nikapima ukuta mahali pa kuweka kitanda chetu.

Siku ya Yenga ikawa sikukuu ya kumaliza madawati. Direktere akasema leo hatuangalii, leo tunacheza wenyewe. Wakapangwa wenye ndoa jozi tatu, na watu wakaanza kupiga kelele: "Na fundi! Fundi naye!" Nikasema bibi yangu iko Karuba. Mama Sifa akainuka, akafunga kitambaa chake, akaenda kukaa kwenye kiti cha wake.

"Leo miye njo Riziki," akasema. "Mwanaume, kuya hapa."

Darasa lote likalipuka. Direktere naye akanyoosha kidole: "Majibu ya fundi tutayaandika, tutayatuma Karuba, Mama Neema mwenyewe atakosoa kwa kalamu nyekundu."

Akauliza la kwanza: chakula gani bibi yako hakikatai hata akiwa mgonjwa? Nikasema, viazi vya kuchoma kwenye majivu, na chumvi kidogo. Wakapiga makofi.

La pili: akikasirika anafanya nini? Nikasema, anafagia kiwanja alichokwisha kukifagia. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akapaza sauti, "Ule ni miye kabisa!" na bwana wake akainamisha kichwa.

La tatu: anaogopa nini? Nikasema radi. Wakaandika radi. Lakini hata wakati wanaandika niliona si hivyo. Radi ikipiga wewe unatoka nje kuita ng'ombe, mimi ndiye ninayebaki chini ya blanketi.

La nne: bibi yako anatamani nini katika maisha yake, kitu ambacho hajakipata?

Riziki, nilifungua kinywa na hakikutoka kitu. Walicheka kwanza, wakidhani naigiza. Halafu Direktere akarudia swali. Nikakuona wazi kabisa, asubuhi ile nilipoondoka, umesimama karibu na pikipiki umeshika kikombe cha maziwa. Ukasema, "Papa Neema, kuko kitu nilitaka kukuambia." Nami nikasema, "Utaniambia nikirudi," kwa sababu motari alikuwa amekwisha kuwasha. Ukakinywa kile kikombe wewe mwenyewe, ukarudi ndani. Miezi mitano, na sijajiuliza hata mara moja kilikuwa kitu gani.

Mama Sifa akainama upande wangu, akasema polepole, si kwa watu: "Haujue?"

"Sijui, mama."

"Haukumuuliza?"

"Hapana."

"Wangu nilijua mpaka namna anakohoa akiwa na njaa," akasema. "Hicho cha mwisho sikumuuliza. Sasa iko mu udongo. Weye wako iko Karuba tu. Andika."

Bila jibu la nne, tukawa wa mwisho kwa alama. Zawadi ya wa mwisho ilikuwa kupanguza ubao.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Direktere. Nilisimama mlangoni kama mwanafunzi. Nikamwambia, "Ile 'ndiyo' niliyokupa siku ya tano, nairudisha. Haikuwa yangu peke yangu." Nilidhani atakasirika. Alivua miwani, akaipanguza na shati kwa muda mrefu. Akasema, "Fundi, hata miye niliporudi nyumbani nilimuuliza wangu lile la nne. Tumekaa miaka kumi na tisa. Alilia kwanza, ndipo akanijibu." Hakuniambia alijibu nini, nami sikuuliza. Akasema nafasi yangu itangoja mpaka mavuno ya maharage.

Kwa hiyo nyumba ya nyuma ya shule bado haina mtu, na mimi sijaamua kitu. Ukisema hutaki kuacha milima na ng'ombe wa mama yako, nitamaliza dirisha na kurudi. Ukisema utakuja, tutaiona nyumba pamoja, na kitanda utakiweka unapotaka. Ila kwanza nijibu lile la nne. Ukisha kujibu, kosoa na la tatu.

Wewe nawe hukuniuliza langu, basi nakupa bila kuulizwa. Natamani siku moja nzima nisiwe na kazi mkononi. Nikae kwenye nyasi pale juu ya zizi, wewe unakamua, mawingu yanapita chini yetu kama yanavyofanya, na hakuna anayetuita.

Nisalimie mama mukwe anayenivumilia. Nisalimie kaka yangu mkubwa, umwambie nimepata shoka alilotaka. Nisalimie shangazi wa kule Ngungu akija sokoni, na padri, na jirani yetu muuza jibini. Neema mwambie asome. Espoir mbusu kwenye ufizi.

Barua hii anakuletea motari Josué. Ni mtu mwema, lakini jibu usimpe kwa mdomo, kabla ya kufika Nyabiondo barabara nzima itakuwa imelijua. Andika kwa mkono wako, hata maneno mawili. Nimemlipia angoje mpaka umalize.

Mimi bwana wako, ambaye hakukuuliza,

Papa Neema