Nilimkana Nyamizi Juu ya Ukuta

Mama yangu,

Shikamoo. Je, mguu umepungua kuvimba? Na mvua zimewakuta mmeshalima? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Barua hii nampa dada mmoja wa Urambo anayekuja likizo, maana kwenye simu Nyamizi husikia kila kitu, na haya sitaki ayasikie.

Mama, nimemkana mwanangu.

Yule wakala wa Dar alisema mwenye mtoto hapewi kazi huku Ureno, wanaogopa atarudi. Nikasema sina. Hata wewe sikukuambia hilo.

Jumapili bibi ninayemtunza alinipeleka Obidos, pamoja na mjukuu wake wa miaka mitatu. Ni mji wa zamani, umezungushiwa ukuta mnene kuliko wa lile tembe la makumbusho la Kwihara, na watu wanatembea juu yake. Nilifurahi mama, nikala hadi chokoleti. Kwenye ngazi za ukuta mtoto akachoka, akaanza kulia. Nikachukua kitenge nilichojitanda, nikambeba mgongoni. Hatujafika juu, kalala.

Tulipofika juu bibi akacheka. "Wewe huna mtoto, haya umejifunza wapi?"

"Nimelea wadogo zangu."

Wadogo zangu wapi, na mimi ndiye kitinda mimba wako? Njia ya juu ni nyembamba, upande wa ndani hakuna hata kamba ya kushika. Mtoto wa watu ananipumulia shingoni, na wangu nilimwacha ndiyo kwanza kaachishwa ziwa. Nikakaa chini nikalia.

"Unaogopa kuanguka?"

"Hapana, bibi. Nina mtoto. Ana miaka minne, yuko kwa mama yangu."

Alimchukua mjukuu wake, tukashuka hadi kwenye gari. "Miaka miwili unanidanganya," akasema. Nikamjibu ndiyo. Akauliza jina lake. Akajaribu kulitamka, likamshinda, akataka nirudie.

Kama atanibakiza sijui, anangoja kuongea na binti yake. Lakini leo asubuhi kaniomba picha ya Nyamizi.

Nisalimie shangazi muuza asali, na kaka Maganga, hiyo bodaboda aendeshe polepole.

Naomba Maganga ampige Nyamizi picha, anitumie. Avae gauni lolote, hata la kuchezea. Zile za zamani nilizifuta zote kwenye simu, watu wa huku wasije wakaziona. Nyamizi usimwambie hilo, mama. Nitamwambia mwenyewe akikua.

Mwanao akupendaye,
Mama Nyamizi