Kura ya Shahidi wa Buganguzi

Kaka Deo,

Siku tunakuzika simu yangu iliita ndani ya mkoba. Padre alikuwa amemaliza kubariki kaburi, watu wamejipanga kuchukua udongo, na mimi nilikuwa wa sita au wa saba, nyuma ya shangazi yako. Nikachungulia. Ujumbe ulikuwa na jina lako juu, na chini yake neno moja: Nipo.

Nilijua ni nini. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, sasa umerudi, na ile kompyuta ndogo uliyoiweka chumbani kwako imewaka na kutuma salamu kama ulivyoifundisha. Kichwa kilijua, miguu haikujua. Nilitoka kwenye mstari, nikapita kati ya migomba mpaka barabarani, nikasimama huko nikijifanya nakagua mashine za ofisini. Niliporudi kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Sikukutupia udongo, Kaka. Hili sikumwambia mtu.

Najua utasema, "Koku, kazi kwanza." Ndivyo ulivyosema hata siku ile nilipolia chooni kwa sababu nilikuwa nimefuta faili nisilolijua. Nilikuja pale ofisini kupokea wageni na kupika chai, cheti changu cha kidato cha nne kikiwa kwenye bahasha ya kaki. Wewe ndiye uliyenivutia kiti. Ulikuwa unakula senene kutoka kwenye kopo huku unaandika, na hadi leo nikiigeuza kibodi yako inadondosha mguu wa senene. Sijaisafisha.

Ulinifundisha kwa maneno ninayoyaelewa. Tuna mashine mbili, ulisema, nimezipa majina ya pacha: Kakuru yuko Kahororo, Kato yuko hapa ofisini, mjini karibu na bandari. Kila kinachoandikwa na manesi wa zahanati za kule Muleba kinaandikwa kwa wote wawili, ili mmoja akifa mwingine aendelee na nesi asijue hata kama kuna msiba. Watu wa kijijini kwenu walisikia unatunza vitu vya watu kwenye wingu, wakakutania kila ukienda likizo: "Deo, mvua imechelewa, umeifungia wapi?" Ulicheka nao. Lakini kwangu ulikuwa mkali kwa jambo moja.

"Mashine iliyokufa si tatizo," ulisema. "Tatizo ni mbili zilizo hai, waya wa kati umekatika, kila moja inadhani mwenzake kafa. Hapo kila moja itajiona mrithi, na kibanja cha migomba kitakatwa vipande viwili."

Kwa hiyo ukaweka wa tatu, asiyehifadhi chochote, kazi yake kupiga kura tu. Ukamwita Shahidi. Ukampeleka kwa mama yako Buganguzi, kwenye umeme mwingine na laini nyingine, ili balaa la mjini lisimfike. Pacha wakipoteana, atakayepata kura ya Shahidi anaendelea, mwingine ananyamaza. Na kila siku saa moja asubuhi Shahidi alitutumia salamu kwa jina lako, kwa sababu uliona uvivu kumfungulia akaunti ya kwake.

Baada ya mazishi salamu ziliendelea. Saa moja asubuhi, Nipo. Meneja aliniita siku ya kwanza niliporudi kazini. "Koku, ondoa lile jina la marehemu. Tafuta pengine pa kuweka Shahidi." Nikamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja nikamwambia wiki ijayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakujibu. Kabla sijatandika kitanda niliandika, Nimekuona, Kaka. Halafu nikaenda kuoga kama mtu aliyeamkiwa nyumbani.

Kakuru alikuwa anaugua, unajua. Ulijua kabla hujaugua wewe. Diski yake ilikuwa inakwaruza, na mimi nilisema tumpumzishe, nawe ukampiga kofi dogo ubavuni ukasema, "Huyu hafi mbele yangu." Wiki mbili baada ya kukuzika alianza kusahau. Nesi anaandika, anaambiwa imeingia, na haikuingia. Nikampa Kato kazi yote, nikamwacha Kakuru pembeni, bado anawaka, nikisubiri diski mpya kutoka Mwanza.

Halafu ikapiga radi. Ilikuwa saa nane mchana, ziwa limekuwa jeupe kama maziwa, na waya kati ya Kahororo na mjini ukakatika. Sikuwa na wasiwasi. Kato alikuwa mzima, Shahidi atampa Kato kura.

Akampa Kakuru.

Niliona kwenye kioo cha kompyuta nikadhani nimesoma vibaya. Kato, mzima kabisa, akanyamaza kwa adabu kama ulivyomfundisha. Kakuru mgonjwa akachukua kazi, na kumbukumbu zake zilizotoboka zikawa ndizo kweli ya zahanati zote. Kabla sijarekebisha, nesi Jovita alipiga simu kutoka zahanati moja ya Muleba. Sauti yake ilikuwa juu.

"Dada, nina mama hapa ana uchungu. Kwenye mashine yenu hajawahi kuja kliniki hata siku moja!"

"Labda ni mgeni, nesi."

"Mgeni gani? Namfahamu. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu, lile kovu nimelisafisha mwenyewe. Angekuwa zamu yule mwenzangu mgeni, angemwacha asukume hapa hapa!"

Walimkimbiza hospitali. Yeye mzima, mtoto mzima. Lakini nilikaa chini sakafuni, Kaka, mgongo wangu ukiwa kwenye meza yako. Ni mimi niliyekuwa nasema wiki ijayo.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilipanda basi mpaka Muleba, nikachukua bodaboda, nikafika kwenu saa tano. Njia nzima nilikuwa najipanga namna ya kumwambia mama yako kwamba nimekuja kuizima kompyuta yako. Niliogopa atadhani nakuua mara ya pili. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniletea buni za kutafuna kwenye kile kikapu kidogo chenye mfuniko, akanikalisha. Nikatafuna. Nikasema kwa heshima, "Waitu, mama, nimekuja kwa ajili ya ile mashine ya Deo."

Akaniangalia kwa huruma. "Ile si tuliizima, mwanangu? Siku ya kuanua matanga. Nilisema vitu vyake vipumzike na yeye."

Alinipeleka chumbani. Kitanda kimetandikwa. Mezani hakuna kitu, ni alama tu ya mraba mahali vumbi halikukaa. Kompyuta yako ilikuwa ndani ya sanduku la bati, imefungwa kwenye kitenge, waya umeviringishwa vizuri juu yake, na juu ya sanduku magunia mawili ya maharage. Tuliyashusha pamoja. Nikaishika. Ilikuwa ya baridi kama chungu kisichopikiwa.

Matanga yaliisha siku ya nne. Radi ilipiga zaidi ya wiki mbili baadaye.

Nilitoa simu nikasoma orodha ya salamu na kura pale pale, nimepiga magoti. Salamu zote zilikuwepo, za kila siku, na ile kura ya saa nane mchana, zikiwa na ule ufunguo wa siri ambao uliuandika kwenye kompyuta hii na hukumpa mtu, hata mimi. Nimeshamuuliza fundi mmoja wa Mwanza. Anasema huenda uliacha nakala mahali. Inawezekana. Lakini wewe hukuwa mtu wa kuacha nakala bila kuniambia, na nakala isingekuwa na sababu ya kumpendelea Kakuru.

Nilimweleza mama yako kwa maneno yale yale uliyonifundishia mimi. Sikujua kama ataelewa. Hakushtuka. Alifunga sanduku, akakaa juu yake, akaniuliza taratibu:

"Sisi hapa tulimuaga kwa udongo. Ninyi wa kazini mlimuaga lini?"

Nikamwambia basi, habari ya ule mstari na ile simu. Alinisikiliza, kisha akanishika mkono tukaenda nyuma ya nyumba kwenye kibanja, pale ulipo. Nyasi zilizotandazwa juu yako zilikuwa zimeshakauka. Akaniambia, "Mwambie. Hajaambiwa." Akarudi nyuma hatua chache, akanigeuzia mgongo ili nisione haya.

Ulisikia nilichosema. Sitakiandika tena hapa. Nilichukua udongo, nikauweka.

Leo asubuhi, siku chache baada ya kutoka kwenu, nimeingia ofisini nikiwa peke yangu. Saa moja ilipita bila salamu, lakini jina lako lilikuwa bado kwenye orodha, na pembeni yake ile nukta ya kijani inayosema mtu yupo. Nimeshamweka Shahidi mpya kwa masista, wana umeme wao wa jua. Nikaandika amri ya kukuondoa. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikaa hapo mpaka chai ikapoa. Nilifikiri, nikisema ndiyo, nitakuwa nimesema mwenyewe, kwa mkono wangu, na hakuna umeme wala radi ya kusingizia. Nikafikiri pia kuhusu yule mama na kovu lake.

Nikasema ndiyo.

Feni za Kato zilipanda, zikanguruma kidogo, zikashuka. Orodha ikabaki na majina matatu, lako halimo. Kakuru nimemzima mwenyewe jana kwa ajili ya diski mpya, akirudi atarudi bila kusahau. Na nukta ya kijani, Kaka, haikuzimika mara moja. Ilibaki peke yake pale pasipokuwa na jina, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, ndipo ikaondoka.

Najua ungependa kujua kama tunaweza. Tunaweza. Tutakosea, na manesi watatupigia simu kwa hasira, na tutarekebisha. Nakuahidi sitasema tena wiki ijayo mahali ambapo kuna mtu anasubiri kuzaa. Mama yako nitamtembelea, nitamsaidia kuchuma kahawa msimu ukifika, ingawa mikono yangu ni mizito na atanicheka.

Nenda salama, Kaka Deo. Nilikupenda kama ndugu, na bado. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu: siku ukisikia tumekwama huku, mashine zote zimenyamaza na mimi nalia chooni, usije.

Mdogo wako,
Koku