Kufuli la Mizani

Maji ya Chai,
14 Mei 2001

Dada yangu Anneth,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Moshi, na Mama Mdogo mguu wake umepata nafuu? Sisi tu wazima. Mama bado anakohoa, ila shambani haachi kwenda. Unamjua, hasikii la mtu. Kila jioni ananiuliza kama umeandika, nami nabadilisha mazungumzo.

Kituo cha maziwa kinakwenda vizuri tangu wakufukuze. Najua maneno hayo yamekuchoma. Wakulima hawalalamiki tena kwamba maziwa yao hayaonekani kwenye kompyuta, na Meneja Reginald anasema ushahidi ndio huo: wewe umetoka, wizi umekoma. Kanisani nako nafasi yako kwenye kwaya wameshampa mwingine. Nilikuwepo walipotangaza, nikainamisha kichwa kama sikusikia.

Sasa sikiliza, dada. Wizi haukuwepo. Ile programu inayoiwezesha kompyuta kusoma mizani niliiandika mimi, na niliijaribu kwa mizani moja tu, maana ya pili ilikuwa haijaletwa. Zilipofungwa zote mbili, asubuhi foleni ikijaa zilikuwa zinatuma uzito kwa pamoja, huu unafuta ule kabla haujaandikwa. Wewe ulikaa kwenye kompyuta, ukaitwa mwizi. Nilikuja kugundua umeshaondoka. Nikarekebisha: mizani moja ikianza kuandika, nyingine inasubiri mpaka imalize. Sisi watu wa kompyuta tunaita kuweka kufuli.

Nikamwambia Meneja nimeweka kufuli, hakitapotea kitu tena. Akanipiga bega, akacheka: "Mwizi dawa yake ni kufuli, hata akiwa dada yako." Nilipaswa kumkatiza palepale. Nikaiogopea kazi yangu, nikacheka naye. Nilicheka, dada.

Jana nilimweleza yote. Akasema ninyamaze, mambo yameshapoa. Nimekataa, kazi akitaka aichukue. Mzee wa kanisa Sumari amenipa nafasi Jumapili baada ya matangazo, nitasema mbele ya usharika mzima. Mama naye atasikia humohumo, maana kumwambia uso kwa uso nimeshindwa. Sikuombi unisamehe haraka.

Msalimie sana Mama Mdogo na watoto wote. Najua atataka umsomee barua hii. Msomee, ila usiruke pale nilipocheka.

Mdogo wako,
Abdiel