Kompyuta Tuliyopima na Kompyuta Tuliyobeba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Tunduma, tarehe 14 Aprili 2025, saa 10:20 jioni

Jina: Loisi Abrahamu Nzunda
Umri: Miaka 24
Kabila: Mnyiha
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima
Makazi: Igamba, Wilaya ya Mbozi

Nimeonywa niseme ukweli, na nitausema, ingawa anayeshikiliwa humu ndani ni baba yangu mzazi, Abrahamu Nzunda.

Kazi imeandikwa mkulima kwa sababu niliulizwa nafanya nini sasa. Nilisomea kompyuta. Mwezi wa tatu nilipata nafasi ya mafunzo ya ulinzi wa mitandao, yanayofanyika kwa intaneti, na anayefaulu anapewa ajira. Sharti lao ni kompyuta inayoweza kuendesha kompyuta nyingine ndani yake. Uwezo huo unaitwa virtualization. Bila huo hufanyi hata zoezi la kwanza.

Mnamo tarehe 9 Aprili asubuhi, mimi na baba tulifika dukani kwa Othmani, karibu na stendi ya hapa Tunduma. Anauza kompyuta zilizotumika kutoka nje. Aliwasha moja iliyokuwa kwenye kaunta. Nilifungua Task Manager, nikaenda sehemu ya prosesa, nikasoma: virtualization imewashwa. Nilimwonyesha baba kwa kidole. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Baba akasema hiyo imeshikwashikwa na kila mpita njia, tupewe nyingine iliyo bado kwenye nailoni. Nilimwambia tuliyopima ni ile. Akanijibu, "Mwanangu, sampuli ikipita, gunia limepita." Baba anauza kahawa kwenye chama cha ushirika tangu sijazaliwa. Pale wanachota kiganja kimoja, wakiridhika wanapokea gunia zima. Othmani naye akasema zote ni mzigo mmoja. Ile ya nailoni haikuwa na chaji na umeme ulikuwa umekatika, akatuambia tukaichaji nyumbani. Kwetu binti habishani na baba yake mbele ya mwenye duka. Tukaibeba.

Nyumbani ilionyesha virtualization imezimwa. Niliingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani kabisa, ili niiwashe. Ikadai nywila. Hapo palikuwa na jina la kampuni ya huko ilikotumika mwanzo. Siku zote zilizofuata nilijaribu kila nilichofundishwa. Niliiandikia hiyo kampuni. Hawajajibu, na sidhani kama watamjibu mtu wa Igamba.

Leo asubuhi tulirudi dukani. Othmani hakututukana, nisimsingizie. Alisema nywila hiyo hata yeye hana, na kwa kuwa nailoni imeshatolewa hawezi kuipokea. Baba alimsihi sana. Sijawahi kumwona baba akimsihi mtu, na sitaki kuona tena. Nilimwambia twende.

Baba aliiweka yetu juu ya kaunta. Akaichukua ile tuliyopima siku ya kwanza, akaikumbatia kifuani, akasema, "Hii ndiyo aliyoichagua mwanangu." Akatoka. Hakukimbia. Alitembea taratibu kuelekea stendi, mimi nyuma yake nikimwita arudishe. Vijana wakapiga kelele za mwizi. Baba ni mzee wa kanisa, afande, ana miaka sitini na tatu. Walikuwa wameshamwangusha na wengine wameokota mawe. Nililala juu yake mpaka askari walipofika.

Nimeulizwa kama Othmani aliruhusu kompyuta ichukuliwe. Hakuruhusu. Nimeulizwa kama baba alisikia akikatazwa. Alisikia. Nimeulizwa kama mimi ndiye niliyemtuma. Sikumtuma. Nilitamani kusema nilimtuma, ili lawama iwe yangu, lakini nitakuwa nimedanganya.

Kompyuta zote mbili nimeoneshwa hapa mezani, zimebandikwa namba za vielelezo. Mafunzo yameanza leo saa tisa alasiri. Asiyeingia siku ya kwanza, nafasi yake anapewa mwingine.

Nilipokuwa naletwa chumba hiki nilipita mlangoni mwa mahabusu. Baba aliniuliza kama nimeshaingia darasani. Nilimwambia nimeingia, na wamenipokea vizuri.

Nimesomewa yote niliyoyasema hapa. Ni maneno yangu, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Saini ya shahidi: L. A. Nzunda

Mimi Koplo Sadoki nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa na kumsomea. Ameyathibitisha kuwa sahihi. Ameomba mtuhumiwa asisomewe sehemu ya mwisho, inayohusu darasa. Nimemjibu kwamba siwezi kumwahidi hilo.