Eti "Ninyi Pia Mlikuwa na Yenu"

Vaileth shoga, bado niko kwenye gari, nje ya uwanja wa maonyesho ya mifugo ya vijana. Nina hasira!

Nimeendesha kutoka Woodbridge hadi huku mashambani kwa sababu binti yangu Nandi kashinda zawadi kwa sungura wake. Kabla ya kutoa zawadi, mwenyekiti wa maonyesho akatusimulia historia. Eti tangu maonyesho yaanze, geti lilikuwa wazi kwa kila mtoto wa kaunti. KILA MTOTO, Vai!

Bibi niliyekaa naye, Mmarekani mweusi anaitwa Imara, akanyanyuka taratibu. Akasema, "Mimi nimezaliwa hapa. Sisi watoto weusi tulirudishwa getini pamoja na ndama wetu. Tukafanya maonyesho yetu kwenye kiwanja cha kanisa."

Unajua yule baba mwenyekiti kajibu nini? Kwenye maiki, huku anacheka! "Basi mama, ninyi pia mlikuwa na yenu."

Ninyi pia mlikuwa na yenu!! Na watu wakapiga makofi, shoga. Makofi! Bibi wa watu akakaa chini.

Halafu bila haya yule baba akamwita Nandi jukwaani wapige picha. Mtoto kamkumbatia sungura wake, akamtazama yule baba usoni, akasema, "No, sir." Akashuka, akaja kukaa na Bi Imara, akamwekea sungura mapajani.

Yule baba kabaki na mkono hewani. Na mimi, ninayemgombeza Nandi kila siku awaheshimu wakubwa, leo sikumkanya.